Tarquin Mlangoni: Tanzia za Shakespeare, Dhamiri na Utafiti wa Wakosaji wa Kingono

Mwaka 1594 William Shakespeare alitoa shairi refu kuhusu Lucretia, mwanamke wa Kirumi aliyebakwa nyumbani kwake na Tarquin, mwana wa mfalme, ambaye usiku huo alikuwa mgeni wake. Kisa ni cha kale. Warumi walikisimulia kama chanzo cha jamhuri yao: Lucretia alipojiua baada ya kumtaja mkosaji, ndugu na rafiki za mumewe waliinuka wakaung'oa ufalme, na kwa hesabu yao hilo lilitokea mwaka 509 kabla ya Kristo. Shakespeare aliongeza jambo moja kubwa. Kabla ya kumsikiliza Lucretia, alimfuata Tarquin hatua kwa hatua kutoka kitandani hadi kwenye mlango wa mwenyeji wake, akaandika kila neno ambalo mtu huyo alijiambia njiani.

Safari yenyewe ni fupi, ndani ya nyumba moja tu. Tarquin anaamka watu wakiwa wamelala, anagonga upanga kwenye jiwe, cheche zinatoka, anawasha mwenge. Hapo anaanza kubishana na nafsi yake. Anajua atakachokifanya ni aibu kwa ukoo wake na kwa silaha anazozibeba. Anasema kwamba kama mume wa Lucretia angekuwa adui aliyemuulia mtoto, walau angekuwa na kisingizio. Lakini mtu huyo ni jamaa yake na rafiki yake. Kisha anakwenda. Milango ina makomeo, anayafungua moja baada ya jingine. Kizingiti kinakwaruza. Upepo unaopenya kwenye nyufa unampulizia moshi wa mwenge usoni na kuzima moto, naye anaupuliza ukawaka tena. Sakafuni anaiona glavu ya Lucretia, anaiokota, sindano iliyochomekwa ndani yake inamchoma kidole. Kila kitu kinamwambia arudi. Yeye anavigeuza vyote kuwa vikwazo vidogo vya kawaida, kama msafiri anayekutana na mvua.

Akiwa mlangoni anafanya jambo la ajabu: anaomba mbingu zimsaidie. Katikati ya sala anashtuka kwamba mbingu hizo hizo zinachukia anachokwenda kufanya, hivyo anabadilisha miungu na kujikabidhi kwa tamaa na bahati. Halafu anajituliza kwa wazo kwamba hata dhambi nyeusi kabisa husafishwa kwa maondoleo. Msamaha ameupanga kabla ya kosa.

Shairi hili si tamthilia, lakini wachambuzi hulisoma pamoja na tanzia za Shakespeare, kwa sababu tanzia kadhaa alizoandika baadaye zina mtu wa namna hii anayejisemesha peke yake gizani. Katika tamthilia ya Macbeth, iliyoandikwa yapata mwaka 1606, Macbeth akielekea chumbani kwa mfalme Duncan na kisu mkononi anazifananisha hatua zake na hatua za Tarquin. Brutus wa tamthilia ya Julius Caesar ni wa ukoo wa yule Brutus aliyewafukuza akina Tarquin kutoka Roma, na Cassius anamkumbusha ukoo huo ili kumvuta kwenye njama. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kukutana na wote wawili. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968.

Tafsiri hizo zina mizizi Tabora. Nyerere alisoma sekondari katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, enzi ambazo Shakespeare alikuwa sehemu ya elimu ya Kiingereza katika makoloni. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha Mtakatifu Maria, shule ya Mapadre Weupe, kuanzia 1946 hadi 1949. Karibu na mji huo huo iko Kipalapala. Mapadre Weupe waliweka kituo hapo miaka ya mwanzo ya 1880, kando ya njia kuu ya misafara ya Ujiji, wakalea watoto waliokombolewa utumwani, kisha wakalazimika kuondoka kabla ya muongo huo kwisha. Baadaye palijengwa seminari kuu ya Mtakatifu Paulo na kiwanda cha uchapaji cha TMP, ambacho vitabu vyake vya dini vilifika parokia za mbali. Vijana wamekaa Kipalapala kwa miaka mingi wakijifunza filosofia na teolojia, na mojawapo ya kazi wanazoandaliwa ni kusikiliza maungamo: kukaa mbele ya mtu anayeeleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi alivyofika kwenye kosa. Ndicho alichokifanya Shakespeare alipomfuata Tarquin, tofauti ikiwa kwamba Tarquin hakwenda kuungama.

Wasomaji wa dini wamezisoma tanzia za Shakespeare kwa njia zinazopingana. A. C. Bradley, katika kitabu chake cha mwaka 1904, aliona kwamba dunia ya tamthilia hizo kwa sehemu kubwa ni ya kidunia. G. Wilson Knight mwaka 1930 aliona ndani yake alama nyingi za Kikristo. Mwaka 1963 Roland Mushat Frye alionya kwamba Shakespeare aliijua teolojia ya wakati wake lakini hakuandika mahubiri, na miaka sita baadaye Roy Battenhouse akajibu kwa kitabu kizima kinachozipima tanzia hizo kwa mafundisho ya Mtakatifu Augustino. Tahadhari ya Frye ni ya haki. Hata hivyo watazamaji wa London walikuwa watu ambao babu zao waliungama kwa padri, na ambao kwa amri ya serikali waliacha kuwaombea marehemu wao. Mfalme Henry VIII alijitenga na Roma mwaka 1534, na mwaka 1547 misingi iliyowekwa kwa ajili ya misa za wafu ilifutwa kwa sheria. Mzuka wa baba yake Hamlet unaposema umefungiwa mahali pa moto hadi dhambi zake ziteketee, unazungumza habari za toharani mbele ya hadhira iliyokwisha kuambiwa kwamba toharani haipo. Mkatoliki wa Tabora analielewa neno hilo bila maelezo. Mwanafunzi wa Kiingereza wa leo mara nyingi huhitaji maelezo pembeni.

Kuhusu dhambi kabla ya tendo, mafundisho yalikuwa yamekwisha kupangwa karne nyingi kabla ya Shakespeare. Augustino, akieleza Mahubiri ya Mlimani, alisema dhambi hupita ngazi tatu: kishawishi, kupendezwa, na ridhaa. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, aliongeza ya nne, ambayo ni ujasiri wa kulitetea kosa. Waislamu wa njia ile ile ya misafara ya Ujiji wana hesabu ya jirani. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza jinsi wazo linavyopita moyoni, likageuka mvuto, likawa uamuzi wa moyo, mwisho likawa kusudio, na kwamba mja haulizwi juu ya wazo lililopita tu bila yeye kulitaka. Kiswahili kimebeba elimu hiyo hata pale msemaji asipojua. Neno wasiwasi, ambalo siku hizi ni la hofu yoyote, limetoka kwenye neno la Kiarabu la mnong'ono wa shetani moyoni. Katika sala ya kuungama ya Misa, mawazo hutajwa kabla ya maneno, na maneno kabla ya vitendo.

Ukimsoma Tarquin kwa ngazi hizo, kila kitu kinakaa mahali pake. Uzuri wa Lucretia aliousikia ukisifiwa kambini ni kishawishi. Kulala macho akiuwaza ni kupendezwa. Ridhaa inapatikana pale anapowasha mwenge, si pale anapofungua mlango wa mwisho. Utetezi ni ile hotuba yake kuhusu maondoleo, na mwalimu yeyote wa maadili wa Kikatoliki angemwambia kwamba hilo lina jina: kutumaini huruma ya Mungu kwa makusudi ya kuendelea kukosa.

Usomaji huu wa kidini ulikuwa na kasoro kubwa moja, na haifai kuifunika. Mara nyingi uligeuza macho kutoka kwa mkosaji na kumwekea mwanamke. Roma ilipotekwa mwaka 410, wanawake Wakristo walibakwa na wanajeshi, baadhi yao wakajiua. Augustino aliwatetea waliobaki hai: usafi ni wa nia, na tamaa ya mtu mwingine haiwezi kumchafua asiyeridhia. Maneno hayo yalikuwa faraja kwelikweli. Lakini katika kurasa hizo hizo alimgeukia Lucretia na kumuuliza kama mshitakiwa: ikiwa ni safi, kwa nini alijiua, na ikiwa hakuwa safi, kwa nini asifiwe? Battenhouse, karne kumi na tano baadaye, alifuata swali hilo na kuchambua makosa ya Lucretia kwa urefu. Shakespeare mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Katika shairi lake Brutus, yule wa kale, anasema kwamba Lucretia alikosea kumlenga nani, kwani aliyestahili kuadhibiwa ni adui yake. Katika Titus Andronicus, tanzia ya miaka ile ile, Lavinia anabakwa na kukatwa ulimi na mikono, lakini anaandika majina ya waliomtenda mchangani kwa fimbo aliyoiweka mdomoni. Halafu baba yake mwenyewe anamuua ili aibu ife pamoja naye. Hakuna ajuaye hadhira ya kwanza iliwazaje. Msomaji wa leo anaona wazi kwamba aibu imewekwa mahali pasipo pake.

Kiswahili nacho kina alama ya kosa hilo. Kitenzi kunajisi kinatokana na najisi, uchafu, na anayesemwa kuwa amenajisika ni yule aliyetendwa, huku mtendaji akibaki bila doa katika sentensi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana, na matumizi ya neno kubaka, vimesogeza uzito kwa mtendaji. Zanzibar husemwa udhalilishaji, neno linalotaja alichofanya mtu.

Utafiti wa kisaikolojia ulianza kwa kumkodolea macho mtendaji, lakini kwa muda mrefu ulimwangalia kama kiumbe wa ajabu. Richard von Krafft-Ebing alichapisha kitabu chake kuhusu magonjwa ya tamaa mwaka 1886, katika muongo ule ule ambao watoto waliokombolewa walikuwa wakilelewa Kipalapala, na alikusanya visa kama daktari anavyokusanya aina za maradhi. Mabadiliko makubwa yalikuja karne iliyofuata. Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza, wakichunguza vijana wahalifu, walisema wakosaji wengi hawaikatai sheria ya jamii. Wanajipatia ruhusa ya muda. Wanakana kwamba walikuwa na hiari, wanakana kwamba mtu ameumia, wanasema aliyeumia alistahili, wanawalaumu wanaowalaumu, au wanadai walitii jambo kubwa zaidi. Hilo la mwisho ni Brutus wa tamthilia ya Julius Caesar, bustanini usiku. Anakiri kwamba Caesar bado hajafanya ubaya, kisha kwa neno labda anajenga sababu ya kumuua, na mbele ya umma anajitetea kwamba aliipenda Roma zaidi.

Kwa makosa ya kingono, Gene Abel na wenzake mwaka 1984 walieleza imani zinazowasaidia wanaowadhulumu watoto kuendelea bila kujiona wabaya: kwamba mtoto asiyepiga kelele amekubali, kwamba anafundishwa mambo ya utu uzima, kwamba hakuna jeraha basi hakuna dhara. Ni ule ujasiri wa kutetea alioutaja Gregori, safari hii ukiwa umeorodheshwa kwa maswali ya kujaza. Mwaka huo huo David Finkelhor alitoa maelezo ambayo bado hufundishwa. Ili mtoto adhulumiwe, alisema, lazima mambo manne yatimie: mtu awe na msukumo, ashinde kizuizi cha ndani, yaani dhamiri, apite vizuizi vya nje, yaani watu na milango inayomlinda mtoto, mwisho ashinde upinzani wa mtoto mwenyewe.

Mpango wa Finkelhor unafuata nyumba ya Lucretia chumba kwa chumba. Msukumo ulizaliwa kambini. Kizuizi cha ndani kilivunjwa kwenye mwanga wa mwenge. Makomeo ni vizuizi vya nje. Na upinzani wa Lucretia ulishindwa kwa kitisho: Tarquin alimwambia kwamba asipotii atamuua, atamuua na mtumwa mmoja, atalaza maiti hizo pamoja na kutangaza kwamba amewafumania. Tofauti kati ya mwanasaikolojia na mwanateolojia inaonekana hapa. Ngazi za Augustino zote ziko moyoni. Finkelhor ameweka mbili moyoni na mbili nje, katika nyumba, ratiba, mlango na sauti ya mtoto. Kwa hiyo kazi ya kuzuia haimsubiri mkosaji aongoke. Kufuli husaidia hata kama aliye nje yake hajatubu.

Si kila mtafiti anayakubali mawazo ya Abel yalivyo. Mwaka 2006 Shadd Maruna na Ruth Mann waliuliza kama visingizio vinavyosikika gerezani ndivyo vilivyosababisha kosa, au ni kawaida tu ya binadamu kujitetea baada ya kukosea. Swali hilo linazipa tanzia thamani ambayo gereza halina. Mahojiano ya wafungwa hufanyika miezi au miaka baada ya tendo, mtu akiwa na sababu nyingi za kupamba. Tarquin na Macbeth husikika kabla. Ni kweli kwamba ni watu wa kubuni, na mshairi si ushahidi wa kisayansi. Lakini alichokiona Shakespeare kwamba akili ya mkosaji huanza kujadiliana mapema, na kwamba huwa inajua jibu sahihi, kinaendana na kile ambacho watafiti wamekisikia kwa wengi.

Sehemu ngumu zaidi ni ile ya baada ya tendo. Katika Hamlet, mfalme Claudius aliyemuua kaka yake anapiga magoti kuomba. Anajua maneno yote ya toba. Anajiuliza kama anaweza kusamehewa huku bado ameshika vitu alivyovipata kwa kosa, yaani taji na malkia, na anajijibu kwamba hawezi. Anainuka akiwa alivyokuwa. Kwa Mkatoliki hakuna tukio linaloeleza vizuri zaidi kwamba majuto, ungamo na malipizi ni mambo matatu yanayoshikana, na machozi peke yake si kitubio. Hamlet, aliyesimama nyuma akimtazama, anaona mtu aliyepiga magoti na kudhani ametakasika. Amedanganywa na mkao.

Watafiti wamekutana na jambo hilo kwa namba. Mwaka 1998 Karl Hanson na Monique Bussière wa Kanada walikusanya tafiti 61 zilizowafuatilia wakosaji wa kingono baada ya adhabu. Kati ya watu 23,393, asilimia 13.4 walipatikana wametenda kosa la kingono tena katika kipindi cha wastani cha miaka minne hadi mitano. Namba hiyo ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani, ingawa inahesabu waliogunduliwa tu, na makosa ya aina hii hufichwa sana. Lililoshangaza zaidi ni yaliyoashiria hatari na yasiyoashiria. Mvuto wa kingono kwa watoto, makosa ya awali na kuacha tiba katikati viliashiria hatari. Kukana kosa, au kutomwonea huruma aliyedhulumiwa, havikuonyesha uhusiano wa maana na kurudia. Maana yake ni kwamba mzee wa familia, hakimu au padri anayepima usalama wa watoto kwa jinsi mtu anavyolia mbele yake anatumia kipimo kisichopima. Mwaka uliofuata Hanson na David Thornton walitoa chombo cha maswali kumi, Static-99, ambacho huangalia umri, rekodi na aina ya waliodhulumiwa, wala hakiulizi juu ya majuto.

Tiba nayo imekuwa na historia ya unyenyekevu. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliotoa wastani wa tafiti nyingi ulikuta waliotibiwa walirudia kwa asilimia 12.3, na wasiotibiwa asilimia 16.8. Lakini mwaka 2017 serikali ya Uingereza ilichapisha tathmini ya mpango wake mkuu wa magerezani, ulioanza mwaka 1991. Wafungwa 2,562 waliopitia mpango walilinganishwa na 13,219 ambao hawakupitia: waliorudia makosa ya kingono walikuwa asilimia 10.0 kwa waliofundishwa na 8.0 kwa wengine. Mpango ukafungwa. Kiini chake kimojawapo kilikuwa vikundi ambamo kila mtu alisimulia kosa lake waziwazi na kulikubali. Wanasaikolojia walikuwa wamechukua ungamo na kulifanya dawa, bila kulipa jina hilo, na bila kitu kinachofuata ungamo.

Kosa la upande wa pili lilikuwa zito zaidi. Makanisa katika nchi kadhaa yaliliona tendo kama dhambi iliyokwisha kusamehewa, yakamhamishia mkosaji parokia nyingine. Taarifa ya chuo cha John Jay cha New York ya mwaka 2004, iliyotengenezwa kwa ombi la maaskofu wenyewe wa Marekani, ilihesabu mapadri na mashemasi 4,392 walioshutumiwa kati ya mwaka 1950 na 2002, na watu 10,667 waliotoa malalamiko. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliwaamuru mapadri na watawa wote duniani kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa wanapopata habari za dhuluma hizo. Siri ya maungamo yenyewe haikuguswa: padri hawezi kumsaliti anayeungama kwa neno wala kwa namna nyingine. Anachoweza ni kudai katika kitubio kwamba mtu aache nafasi inayomkutanisha na watoto, na kumsukuma ajipeleke mwenyewe. Maondoleo ni jambo la mtu na Mungu. Ruhusa ya kulala nyumba moja na mtoto ni jambo jingine kabisa, na kuyachanganya mawili hayo ndiko kulikowaponza wengi.

Nchini Tanzania mchanganyiko huo hujulikana kwa neno la nyumbani: kumalizana kifamilia. Mkosaji ni mjomba, jirani au mwalimu, anaomba radhi mbele ya wazee, faini inalipwa, na mtoto anaambiwa anyamaze. Sheria haikubaliani na hilo. Kubaka kuna adhabu isiyopungua miaka 30, na kifungo cha maisha pale msichana anapokuwa chini ya miaka kumi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uliwauliza vijana wenyewe, na karibu wasichana watatu kati ya kumi wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walisema walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu mmoja kati ya saba. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi yaliwekwa ili mlango wa kuanzia uwepo. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 nayo inatambua rushwa ya ngono, kosa ambalo Shakespeare alilionyesha katika Measure for Measure ya yapata mwaka 1604: Angelo, kaimu wa mtawala anayesifika kwa ucha Mungu, anamtaka Isabella, mwanamwali anayejiandaa kuwa mtawa, alale naye ili kaka yake asikatwe kichwa, na Isabella anapotishia kumtangaza anamuuliza ni nani atakayemwamini. Si tanzia, kwa sababu inaishia kwa ndoa, lakini swali hilo la Angelo halina kitu cha kuchekesha.

Mahali ambapo imani na utafiti vimefanya kazi kwa mkono mmoja ni Hamilton, Kanada. Mwaka 1994 mchungaji wa Kimenoni na waumini wachache walikubali kumzunguka mtu aliyetoka gerezani kwa makosa dhidi ya watoto, ambaye mji mzima ulimwogopa. Walimtembelea, walimsindikiza dukani, na walikubaliana kwamba ndani ya kikundi hakuna siri kuhusu hatari anayoibeba. Asitokee mwathirika mwingine, na asitupwe mtu: hayo mawili waliyashika pamoja. Vikundi hivyo vilienea Kanada, Uingereza na Marekani. Huko Minnesota watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watu 100 waliotoka gerezani, nusu wakapewa kikundi na nusu wasipewe, na taarifa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba waliopewa kikundi walikamatwa tena kwa makosa ya kingono kwa uchache zaidi. Hesabu ni ndogo. Namna yenyewe ni ile ile ya malipizi ya zamani: mtu haachwi peke yake na kishawishi chake, na hajifichi.

Shairi la mwaka 1594 halikufika huko. Warumi wanabeba mwili wa Lucretia mjini ili watu waone, wanakubaliana kwa sauti moja, na Tarquin anafukuzwa Roma milele. Shairi linaishia hapo. Halisemi alikwenda mji gani, wala kama huko kulikuwa na mtu aliyejua.